Ampu ya tyubu haichomolewi spika, hata kama una modela

Jamani wapiga gitaa wa Dodoma, hili nimelisikia mpaka basi. Mtu amepanga chumba Nkuhungu au Area C, ana ampu ya tyubu (ile inayokuza sauti kwa taa za kioo), kaongeza na modela (kile kifaa cha kidijitali kinachoiga sauti za ampu na spika), majirani wameshalalamika, basi anachomoa waya wa spika nyuma ya ampu anauingiza kwenye modela, anavaa hedifoni. Ukimuuliza anasema "fundi, spika si nimeitoa, ampu inapumzika tu." Haipumziki! Hapo ndo unaiua.

Najua mmeitoa wapi hii. Wengi mmejifunzia kanisani kwenye ampu za transista, na zile ukichomoa spika hazina neno, zinachoogopa ni waya za spika kugusana. Tyubu ni kinyume kabisa. Kati ya tyubu za mwisho na spika kuna transfoma, imesukwa kwa hesabu kwamba upande wa pili kuna mzigo, omu 8 au 16, na tundu la modela halihesabiki kama mzigo, sasa ukiutoa huo mzigo halafu ukapiga gitaa nguvu inakosa pa kwenda, volti zinapanda upande wa tyubu ambako tayari kuna 300 au 400 na zaidi, zinapanda mpaka zipige cheche kwenye soketi au zitoboe insulesheni ndani ya transfoma. Na kwa vumbi la huku kwetu, soketi ikiwa chafu cheche inapata njia haraka zaidi. Tyubu utabadilisha, sawa, ila transfoma ndo ghali, dukani hapa mjini huikuti, unaagiza au unatafuta mtu wa kusuka upya na akikosea mizunguko ile sauti hairudi.

Modela nayo inaumia. Ampu ya wati 15 ikikolea inatoa kama volti 11 kwenye omu 8, ya wati 50 inatoa 20. Tundu la gitaa kwenye modela linatarajia umeme mdogo wa pikapu ya gitaa, volti 1 hivi au chini yake.

Wengine wanajitetea eti volyumu iko sifuri. Ikiwa sifuri kweli hatari inapungua, ila kitasa cha volyumu kinaguswa, mtoto anapita, halafu kuna ampu ambazo bila mzigo zinaanza kujipigia zenyewe masafa ambayo hata huyasikii. Mimi siiwashi ampu ya mteja bila mzigo hata ya kujaribu.

Unataka kimya? Tafuta lodi boksi, yaani boksi linalokaa kama mzigo badala ya spika, inayobeba wati zote za ampu yako na omu zilingane, toa laini kutoka hapo iende kwenye modela, na humo ndani uwashe kebineti ya kidijitali, yaani ile inayoiga boksi la spika. Kama hela bado na ampu ina tundu la SEND (linalotoa sauti ya priampu, ile sehemu ya mbele ya ampu, kabla haijafika kwenye tyubu za mwisho), toa hapo uingie modela, spika IBAKI imechomekwa, na kama masta (volyumu kuu) ya ampu iko baada ya hilo tundu basi ishushe.

Nyingine fupi fupi. "Modela inachomekwa mbele kama pedo." Kwa dilei tu sawa, lakini ukiwasha ampu ya kidijitali halafu ukaipitisha kwenye priampu ya tyubu umepika mara mbili, ndo maana sauti inakuwa tope. Ingia tundu la RETURN, linaloruka priampu, na uzime kebineti ya kidijitali maana spika ya gitaa tayari inakata sauti za juu yenyewe.

"Ikinguruma kata pini ya ethi." Naomba sana, hapana. Ile pini ndo inakulinda siku volti 230 zikigusa bodi ya ampu, na wewe umeshika nyuzi za chuma mkononi. Hata kijiti kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie sikitaki. Chomeka ampu na modela kwenye ekstensheni moja yenye ethi inayofanya kazi, ngurumo ikigoma kuisha weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, sio kwenye umeme.

"Nitanunua ya wati 5, hiyo haina kelele." Masikio hayahesabu hivyo, ili usikie sauti imepungua nusu unapunguza nguvu karibu mara kumi, kwa hiyo wati 5 ni kama nusu tu ya wati 50. Spika nyingi za gitaa zinatoa desibeli 97 mpaka 100 kwa wati 1 ukiwa mita 1, sasa jirani wa ukuta mmoja atalalaje.