Je, wajua kwa nini mwenye sarafu saba anaweza kuwa amemaliza na mwenye ndoo nzima hata hajaanza?

Watu wengi wakisikia "kukusanya sarafu" wanawaza kurundika tu, kila ya kigeni unayokutana nayo unaitupia kwenye kopo basi. Hilo ni kopo la chenji za nje. Mkusanyiko unaanza pale unapojiwekea masharti, kwamba hii inaingia na hii haiingii hata kama inang'aa vipi, na masharti yenyewe unatunga mwenyewe, hakuna wa kukupangia.

Chukua senti moja ya Marekani, ile yenye kichwa cha rais Lincoln, imeanza 1909. Ukikusanya kwa aina ya mchoro tu, yaani kila mchoro wa upande wa nyuma sarafu moja, unahitaji saba: ya masuke ya ngano (1909 mpaka 1958), ya jengo la kumbukumbu la Lincoln (1959 mpaka 2008), nne za 2009 zilizotoka kuadhimisha miaka 200 tangu azaliwe, halafu ya ngao kuanzia 2010. Umemaliza.

Sasa mwenzako anataka kila mwaka na kila kiwanda, hapo ndo balaa. Angalia chini ya mwaka, ukiona D kaherufi kadogo imechapwa Denver, S ni San Francisco, isipokuwa na kitu kwa kawaida ni Philadelphia. Huyu anahitaji mamia, na kuna nafasi moja kwenye albamu inaweza kukaa wazi miaka na miaka: ya 1909 yenye S mbele na herufi V.D.B. nyuma, za mchoraji Victor David Brenner. Watu walilalamika kwamba anajitangaza, herufi zikaondolewa ndani ya siku chache, na San Francisco walikuwa wameshachapa 484,000 tu. Kwa nchi ile hicho ni kiduchu, ndo maana bei yake inatisha.

Wengine wanaenda kwa madini, na mimi naona hii ndo inanoga zaidi maana unapima mwenyewe. Senti ya 1943 inanasa kwenye sumaku kwa sababu ni chuma kilichopakwa zinki, shaba ilikuwa inahitajika vitani. Za 1982 ziko za aina mbili na kwa macho huwezi kuzitofautisha, weka kwenye mizani: ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki 2.5.

Kuna wa makosa pia, hawa wanawinda sarafu zilizoharibika kiwandani, mfano senti ya 1955 ambayo mwaka na maandishi yanaonekana mara mbili mbili kama macho yako ndo yana shida. Na kuna wa mada, meli, ndege, wanyama, nchi yoyote sawa tu.

Wa yuro wana raha yao, upande mmoja ni sawa kwa nchi zote, wa pili kila nchi inachora vyake, na tangu 2004 kuna za yuro 2 za kumbukumbu ambazo unaweza kuzipata hata kwenye chenji ya kawaida. Ila ukisema unataka zote jiandae, ile ya Monaco ya 2007 ya Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtawala wa Monaco, zilichapwa 20,001 tu, kwenye chenji hutaiona.

Masharti yoyote utakayochagua, usisugue sarafu, hata ikiwa nyeusi. Kusugua kunakwangua uso wake na bei inaporomoka, na mnunuzi mzoefu anajua hapo hapo akiigeuza kwenye taa. Na vifuko vya plastiki laini ya PVC viepuke, vikikaa vinaacha utando wa kijani unaonata na unaila sarafu polepole.