Damu Inajua Nini Kuhusu Mionzi Kidogo?

Watumishi wa vyumba vya eksirei hutuuliza sana: je, kuna kipimo cha damu cha kuonyesha kama mionzi imeshatudhuru? Kipimo kipo. Ila kinajibu swali jingine, la kiasi gani cha mionzi kimeingia mwilini, na hata hilo hulijibu vizuri pale dozi inapokuwa kubwa kidogo.

Kitaalamu, dozi ndogo ni ile isiyozidi takribani miligrei 100 (miligrei hupima nishati ya mionzi inayoingia mwilini; milisiveti hupima uzito wa madhara yake, na kwa eksirei namba hizo mbili hulingana). Kwa kulinganisha, binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. CT ya tumbo, yaani picha za eksirei zinazopigwa kwa kuzunguka mwili, huleta kama milisiveti 10. Eksirei ya kifua haifiki hata moja.

Kipimo tunachokiamini zaidi huanza na mililita chache za damu. Seli nyeupe huamshwa zigawanyike kwa protini inayotolewa kwenye maharage mekundu, haya haya ya jikoni. Hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 48, kisha husimamishwa katikati ya kugawanyika, wakati kromosomu zote 46, nyuzi zinazobeba DNA, zimetengana na kuonekana. Chini ya hadubini, zikiwa zimepakwa rangi ya zambarau, kila moja ina kiuno kimoja, yaani sehemu iliyobana. Tunayoitafuta ina viuno viwili: kromosomu mbili zilizokatwa na mionzi, zikajiunga vibaya.

Tatizo ni kwamba hata mtu asiyewahi kukaribia mionzi anazo kromosomu za viuno viwili, kama katika seli moja katika kila 1,000. Kwa hiyo tunahesabu seli 500 hadi 1,000 kwa mtu mmoja, kazi ya kuumiza macho, na bado chini ya miligrei 100 hatuwezi kusema kwa uhakika kama tulichokiona ni mionzi au ni kawaida yake. Kumpima hivi mtu aliyepigwa eksirei mbili za kifua, kwa maoni yangu, ni kupoteza damu na fedha.

Dozi ikiwa kubwa, hali ni tofauti kabisa. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na sesiamu-137, kemikali yake yenye mionzi, ikasambaa mitaani. Watu wanne walikufa, zaidi ya 112,000 wakachunguzwa. Hakuna aliyekuwa amevaa beji ya mionzi, ile inayorekodi dozi anayoipata mvaaji. Kromosomu ndizo zilizosaidia kukadiria dozi za waathirika.

Kuna alama nyingine inayogundua hata dozi ndogo zaidi. DNA ikikatika, protini iitwayo gama-H2AX hujikusanya palipokatika, na huonekana hata baada ya CT moja. Lakini hufikia kilele ndani ya nusu saa hivi, na kwa kawaida ndani ya siku moja seli imeshajikarabati na ushahidi umekwisha. Alama nyingine, kromosomu zilizobadilishana vipande, hudumu miongo: zimeonekana kwa manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki muda mrefu baada ya 1945. Nazo huongezeka kwa umri na kwa sigara, hivyo mzee mvutaji anaweza kuonekana kama aliyepigwa mionzi.

Kuhusu madhara yenyewe, yaani kutambua kwamba saratani hii imeletwa na mionzi, utafiti bado unaendelea. Katika uvimbe wa tezi ya shingo wa watu walioathirika na ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl wakiwa watoto, jeni iitwayo CLIP2 imeonekana kufanya kazi kupita kiasi. Hiyo ni dalili inayotazamwa katika makundi ya watu. Kliniki haiwezi kukupa jibu lako binafsi kwa kuitumia.

Kwa mtumishi wa eksirei, faida ya karibu ni hii. Beji ikisahaulika kwenye koti ndani ya chumba cha eksirei, itasoma dozi ambayo mwili haukuipata. Usomaji ukiwa wa juu na mhusika anabisha, damu inaweza kuamua. Ichukuliwe baada ya saa 24 tangu tukio, lakini isicheleweshwe miezi, maana seli zenye viuno viwili hufa taratibu na idadi hushuka.