Bakteria hawali shaba, bana

Juzi tena, kwa duka moja ya kutengeneza telefone kule komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kijana amebeba gunia ya bodi za kompyuta zilizokufa ananiuliza, "Yaya, si kuko bakteria inakula shaba? Unaitupia humu, kesho unakuta shaba safi?" Hii ni mara ya tatu nasikia mambo ya kula, acha niandike tu.

Bioliksiviasio ni kutumia vijidudu ili madini yaliyo ndani ya jiwe, ndani ya mabaki ya mgodi ao ndani ya bodi ya kompyuta yaingie majini, halafu unayatoa majini, kwa mfano kwa umeme. Maana yake ndiyo hiyo, haina kona.

Jina lenyewe ndilo tamu. Bio ni uhai, hiyo kila mtu anajua. Liksiviasio inatoka Kilatini, lixivium, yaani maji yaliyopita kwa majivu. Na hayo maji tunayajua! Nkambo yangu alikuwa anatoboa kopo ya zamani matundu chini, anajaza majivu, anamwaga maji polepole, chini yanadondoka maji ya rangi ya chai, ndiyo alikuwa anatia kwa mboga. Jivu linabaki pale pale, chumvi yake ndiyo imeshuka na maji. Hakuna kitu kimekula jivu, na hakuna aliyeliwasha mara ya pili.

Shida yetu ni neno "kuyeyusha". Sukari inayeyuka kwa chai, shaba inayeyuka kwa tanuru, neno ni lile lile. Na huku kwetu Lubumbashi, mji ambao tanuru yake ilimwaga shaba ya kwanza 1911, ukisema "bakteria wanayeyusha shaba" mtu anaona moto, moshi na ile cheminé ndefu. Moto hakuna bana. Ni ile ya sukari, tena polepole sana, lundo la mawe linaweza kukaa miezi linanyweshwa maji ya asidi.

Sasa nani anakula nini. Yule anayesifiwa sana anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans, alionekana 1947 huko Marekani kwa maji makali yanayotoka migodi ya makaa, na chakula chake ni chuma (ile ya misumari) na salfa. Shaba hana habari nayo! Chuma iliyo majini ndiyo inauma shaba na kuitoa, ikishauma inachoka, inarudi kwa bakteria, anaichaji, inaenda kuuma tena. Yeye ni mtu wa kuchaji telefone za wengine, na analipwa hapo hapo kwa kuchaji.

Ukishika hiyo, mengine yanajipanga yenyewe. Malakiti, ile jiwe ya kijani yenye shaba wakrezeri (wachimbaji wa mkono) wanabeba, haihitaji bakteria, asidi peke yake inaitosha, kwa hiyo si kila kiwanda chenye mabwawa ya asidi ni "bio". Ule mlima mweusi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, hapa mjini pia si mabaki ya kuosha mawe, ni taka ya tanuru, sehemu kubwa ni kama kioo na salfa ilishaungua zamani, bakteria wetu atakufa njaa pale. Kasese, Uganda, ndiko kulikuwa mahali pake: pirite iliyoachwa na mgodi wa Kilembe, chuma na salfa tupu na kobalti ndani, 1999 wakaanza kuilisha bakteria kwa matangi na kobalti ikatoka. Pale meza ilikuwa tayari.

Kwa bodi za kijana wangu meza haiko. Shaba yake iko uchi, haina salfa, kwa hiyo chuma na salfa unaleta wewe, unasaga bodi, unachunga asidi isiishe kwa sababu bodi yenyewe inainywa. Na dhahabu ya zile pini hao hawaigusi. Kuko bakteria mwingine, Chromobacterium violaceum, wa rangi ya zambarau, yeye anatengeneza sianidi, sumu kali, na sianidi ndiyo inabeba dhahabu. Sianidi, umesikia? Si kitu ya kufanyia kwa ndoo nyuma ya nyumba kwenye watoto wanacheza.

Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema, "Basi yaya, inakunywa shaba." Hapana mdogo wangu, haikunywi pia. Sema "inasaidia maji kubeba shaba". Ni ndefu, najua.