Hamira haijaoza, ndugu yangu

Mwezi huu nimeulizwa mara nne. Ya nne ilikuja kwa simu, saa tano usiku: "Kaka, bia ninayojipikia nyumbani ina wiki ya pili kwenye ndoo, mashapo ya hamira yanaoza, ninunue tangi la koni?" Hakuna kinachooza. Nenda kalale.

Hofu hii imetoka viwandani, na huko ina msingi. Matangi ya koni, yenye chini iliyochongoka na vali ya kumwagia mashapo, ambayo mtaalamu wa bia Leopold Nathan aliyapigania mwanzoni mwa karne ya 20, leo yanaweza kupita kimo cha mita 10. Uzito wa bia ya kimo hicho unaikandamiza hamira iliyotuama chini kwa karibu angahewa moja zaidi ya kawaida. Tena rundo la hamira halipitishi joto vizuri, kwa hiyo katikati yake hupata joto hata kama kuta zinapozwa. Hamira hiyo hufa, seli zinapasuka, bia inaanza kunukia kama supu. Mpishi wa kiwandani ana haki ya kukimbilia vali. Wewe una lita 20, kimo cha nusu mita. Kandamizo lako ni sehemu moja ya ishirini ya lile lake, na hamira yako imetandazwa chini ya ndoo kama unga kwenye ungo. Niliwahi kuiacha bia juu ya mashapo wiki tano, kwa uvivu tu wala si kwa utafiti, na ikatoka safi.

Bibi yangu kule Kibosho alipika mbege ya ndizi na kimea cha ulezi, akaitia msesewe ikawa chungu, na watu wakainywa pamoja na machicha yake. Hakuna aliyemuuliza koni iko wapi.

Basi kwa nini mimi ninalo tangi la koni? Kwa sababu mbili: navuna hamira ya mpiko ujao, na naihamisha bia bila kuionjesha hewa. Kama huna haja na hayo mawili, ndoo yako inatosha.

Ukiamua kununua, kuta za koni zikutane kwa pembe ya nyuzi 60 hivi. Koni iliyolala hubaki na hamira ubavuni. Vali iwe ya kipepeo. Ya tufe huficha uchafu nyuma ya tufe, na usipoifungua vipande kila mpiko, unafuga bakteria. Tundu la chini liwe la inchi 2 ikiwa unatia hopsi, yale maua ya kuinukisha bia, baada ya bia kupoa. La inchi 1.5 huziba kama ugali kwenye bomba la sinki. Maungio ni traiklampu, yaani ya kibano kinachofungwa kwa mkono, hilo halina mjadala. Mrija wa kipimajoto uingie katikati ya bia, maana kile cha kubandika ukutani mwa tangi kinakupa habari za chumba.

Na fungua vali polepole, jamani! Ukiiachia kwa pupa, bia inatoboa njia katikati ya hamira, unamwaga bia nzuri huku hamira imebaki ukutani inakutazama. Halafu kila unachotoa chini, juu kinafidiwa: tangi linavuta hewa, au maji ya kizibo cha kutolea gesi, moja kwa moja ndani ya bia. Lipe kwanza shinikizo dogo la kabonidioksaidi. Watu wanamwaga mashapo eti wanaiokoa bia, kumbe wanailisha oksijeni.

Je, kumwaga mashapo siku ya pili kunaboresha ladha? Kusema kweli, sijui. Nilijipima kwa glasi tatu nikiwa nimefumba macho, mbili za bia moja na ya tatu tofauti, mara nne. Nilikosea tatu. Bado namwaga, kwa kuwa hamira ninayovuna baadaye huwa safi zaidi, na labda kwa kuwa vali niliilipia.

Fedha ya kwanza iende kwenye friji na kidhibiti joto. Hamira ikichangamka hupandisha joto la bia nyuzi kadhaa juu ya lile la chumba. Bia ya aina ya ale uliyoitaka kwenye nyuzi 19 za Selsiasi inafika 24, na hapo koni haikusaidii chochote.

Ila pima friji kabla ya kuagiza tangi, pamoja na miguu, vali na vilivyoko juu ya kifuniko. Mimi nilipima tangi peke yake. Kiangazi chote hapa Minneapolis mlango wa friji yangu ulifungwa kwa kamba ya katani na blanketi la mtoto.