Je, wajua simba wa Maasai Mara huhesabiwaje ilhali wengine hawaonekani kabisa?

Simba hushinda amelala vichakani, na uliyemwona leo mtoni huenda ndiye yule yule wa jana kilimani. Ukizunguka na gari na kujumlisha uliowaona, wengine utawahesabu mara mbili na wengine utawakosa kabisa.

Kwanza kila simba atambuliwe. Juu ya mistari ya masharubu ana vidoa ambavyo mpangilio wake haubadiliki maishani, na wa shavu la kulia haufanani na wa kushoto. Ndiyo maana hupigwa picha pande zote mbili. Makovu na masikio yaliyochanika husaidia pia, ila hayo huongezeka kila akipigana.

Tuseme mzunguko wa kwanza umetambua simba 40, na wa pili 50, ambao 20 kati yao walikwisha kuonekana. Nusu ya wale 40 wamerudi machoni, kwa hiyo yaelekea mzunguko wa pili umenasa nusu ya simba wote: 40 × 50 ÷ 20 = 100. Sasa picha za wanne zikiwa na ukungu, wakaandikwa kama wageni, 20 inageuka 16 na jibu linaruka hadi 125. Hao 25 ni simba hewa, sawa na wafanyakazi hewa kwenye orodha ya mishahara.

Lakini 100 katika eneo gani? Simba hajui mpaka wa hifadhi, na wa pembezoni huingia na kutoka. Hapo ndipo modeli ya takwimu inayozingatia mahali inapofaa: kila simba hupewa kitovu cha makazi, na uwezekano wa kumwona hushuka kadiri gari linavyokuwa mbali na kitovu hicho. Kwa hiyo njia yote ya gari hurekodiwa kwa GPS, hata siku ambayo hakuna simba aliyeonekana. Wengi hawaiingizi siku hiyo kwenye hesabu, nao huiharibu kazi yote, kwani modeli haitajua kama pahali hapana simba au hapakutembelewa.

Kazi hiyo huchukua kama miezi mitatu tu, ili vifo na uhamaji visivuruge hesabu. Watoto wa chini ya mwaka mmoja huachwa, maana wengi wao hufa.

Watafiti Nicholas Elliot na Arjun Gopalaswamy walitumia njia hii Mara na kuchapisha matokeo mwaka 2017: takriban simba 17 kwa kila kilomita za mraba 100, majike 2.2 kwa dume mmoja. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kadiri makisio yanavyoweza kupotoka, ulikuwa 1.3, kwa hiyo idadi halisi yaelekea iko kati ya 14 na 20. Wakihesabiwa tena ikapatikana 16, hiyo pekee haitoshi kutangaza kuwa simba wamepungua.