Malindi haina meya: basi kura ya mji wako iko wapi?

Katika vikao vya elimu ya mpiga kura hapa Malindi, pwani ya Kenya, swali la meya haliniachi. Meya wetu ni nani siku hizi, na tunampigia kura lini? Jibu ni kwamba hatuna. Baraza la Manispaa la Malindi liliondoka pamoja na mabaraza yote ya miji na wilaya nchini, mfumo wa kaunti ulipoanza baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Na hata enzi za meya, mwananchi wa kawaida hakumpigia kura yeye. Tulichagua madiwani, nao wakaenda kuchaguana huko barazani.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawakulikuta. Malindi iliwahi kuwa wilaya yenyewe, lakini kaunti 47 zilifuata mipaka ya wilaya za mwaka 1992, na Malindi ilikatwa kutoka Kilifi baada ya hapo. Ndiyo maana tukarudi Kilifi, na makao makuu yako Kilifi mjini. Eneo bunge la Malindi lina wadi tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Bunge la kaunti lina wadi 35. Kwa hiyo mambo ya mji huu yanaamuliwa na watu ambao wengi wao hawaishi hapa, na hao watano tunaowapeleka lazima wawe wa kusimama wakasikika.

Siku ya kura unapewa karatasi sita. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta njano, ya mbunge kijani, ya mwakilishi wa wanawake zambarau, na ya mwakilishi wadi, yaani MCA, kahawia hafifu. Vikaoni huzitandaza karatasi za rangi hizo mezani, nikawaomba watu wazipange kwa umuhimu. Nyeupe huwekwa mbele bila mjadala. Ya kahawia hafifu husukumwa mwisho karibu kila mara. Mama mmoja wa Muyeye alinieleza sababu yake: "Huyo MCA, mwanangu, hata barabara hajengi."

Ni kweli hajengi, na sheria haikumpa kazi hiyo. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kutuwakilisha, na kumkagua gavana na mawaziri wake. Lakini tazama yaliyomo katika orodha ya majukumu ya kaunti: kuzoa taka, masoko, taa za barabarani, leseni za biashara, barabara za kaunti, zima moto, chekechea. Hakuna shilingi inayotoka kwa kazi hizo bila bunge la kaunti kuipitisha. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, nayo yanatakiwa yawe yamepitishwa kufikia 30 Juni. Miezi hiyo miwili ndiyo ya kumtafuta mwakilishi wako. Mwezi wa nane soko likishafurika taka, umechelewa mwaka mzima. Na mgombea wa wadi akikuahidi shule ya msingi, mwulize ataijenga kwa mamlaka gani, kwa sababu shule za msingi ziko chini ya serikali kuu.

Sasa nije kwenye bodi, maana hapa ndipo ninapoona haki yetu ikipotea bila mtu kuilalamikia. Malindi ni manispaa, na manispaa huendeshwa na bodi chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019. Wajumbe ni tisa. Hakuna hata mmoja anayepigiwa kura na wananchi. Wawili huingia kwa vyeo vyao: waziri wa kaunti anayehusika na miji, na afisa mkuu wa idara hiyo. Watatu huteuliwa na gavana. Wanne waliobaki hupendekezwa na makundi: vyama vya wataalamu, sekta binafsi, wafanyabiashara wa sekta isiyo rasmi, na vyama vya wakazi wa mitaa. Wajumbe wa kuteuliwa ni lazima waidhinishwe na bunge la kaunti. Kisha bodi yenyewe huchagua mwenyekiti wake, na huyo ndiye ambaye baadhi ya watu bado humwita meya.

Soma tena hayo makundi mawili ya mwisho. Mama anayepanga nyanya sokoni, kijana wa tuktuk, wakazi wa Maweni, Barani na Kisumu Ndogo, wote hao wana mlango wa kuingilia kwenye bodi. Ila mlango huo hufunguka kwa vyama vilivyosajiliwa. Mtaa usio na chama chenye cheti, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mikutano hauna wa kumpendekeza, na nafasi yake itajazwa na jina ambalo mtaani halijulikani. Nimekaa na watu wenye hoja nzito kuhusu mifereji na majitaka, wenye akili ya kukaa kwenye bodi yoyote, na hawana chama. Inaniuma sana.

Hata majina yakishatajwa, mambo hayajaisha. Sheria ya 2017 ya kuidhinisha uteuzi katika mabunge ya kaunti inataka umma utangaziwe, na mtu yeyote anaweza kuwasilisha ushahidi kwa hati ya kiapo kupinga mteule asiyefaa. Anayeketi kupima ushahidi huo ni yule yule wa karatasi ya kahawia hafifu.

Wenzetu wa Lamu wana wadi 10 tu katika kaunti nzima, kuanzia Kiunga na Faza hadi Witu na Hongwe. Huko mwakilishi mmoja akiamka au akilala, uzito wake bungeni unaonekana mara moja.

Uchaguzi ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Kama ulijiandikisha Shella ukahamia Watamu, hamisha kura yako mapema. Watamu iko eneo bunge la Kilifi Kaskazini, na usipoihamisha utaendelea kumchagulia mwakilishi mtaa usiouishi. Mshindi wa wadi ni mwenye kura nyingi tu, hahitaji nusu. Mgombea huru huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi yake, idadi ambayo mtaa uliojipanga unaweza kuipata. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na matokeo yake hubandikwa mlangoni. Yapigeni picha. Mwenye malalamiko ya wadi huyapeleka mahakama ya hakimu ndani ya siku 28, na picha hizo wakili wake atazihitaji.