Bima ya jengo kwa mwenye nyumba ya kupangisha: unafuu unaanzia kwenye thamani na matumizi

Mwenye nyumba anapokuja kuulizia bima ya jengo, swali lake la kwanza huwa moja: shilingi ngapi? Ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini hakuna ofisa wa bima anayeweza kumjibu vizuri kabla hajajua mambo mawili. La kwanza, nyumba hiyo ikiteketea leo itagharimu kiasi gani kuijenga upya. La pili, ndani yake kunafanyika nini kila siku. Majibu ya maswali hayo hushusha au kupandisha ada kuliko kubembeleza bei kokote, na ndiyo yanayoamua kama fidia itatoka siku ya hasara. Mwenye nyumba anayeyajua kabla ya kuingia ofisini huwa amekwisha kupata nusu ya unafuu anaoutafuta.

Tuanze na thamani, maana hapo ndipo fedha nyingi hutupwa. Chukulia nyumba ya Sinza, Dar es Salaam, ambayo mnunuzi yupo tayari kuilipia shilingi milioni 250. Mmiliki anajaza milioni 250 kwenye fomu ya maombi, anaona amefanya la maana. Ila sehemu kubwa ya bei hiyo ni kiwanja na mahali kilipo, na moto hauunguzi kiwanja. Kama kuijenga upya nyumba ile ile, kwa vipimo vile vile na vifaa vya aina ile ile, kunagharimu milioni 120, basi hiyo milioni 120 ndiyo ya kukatia bima.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa kiwango cha asilimia 0.15 kwa mwaka. Kwa milioni 250, ada ni shilingi 375,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 442,500. Kwa milioni 120, ada ni 180,000, na pamoja na VAT ni 212,400. Tofauti ni shilingi 230,100 kila mwaka kwa kitu ambacho hakimletei faida yoyote, kwa sababu bima hurudisha hasara iliyotokea na si zaidi. Hata angelipia thamani ya milioni 250 kwa miaka kumi, nyumba ikiungua atapata gharama ya kujenga nyumba, basi.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, na ni la watu wanaotaka ada ndogo kwa nguvu. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 120 inakatiwa bima ya milioni 60. Moto unaunguza paa na vyumba viwili, hasara milioni 30. Mmiliki anasema: nina bima ya milioni 60, hasara ni 30, nilipeni zote. Mikataba mingi ya majengo ina kifungu cha uwiano kinachosema kwamba aliyekatia nusu ya thamani amejibebesha nusu nyingine mwenyewe. Atalipwa milioni 15, tena zikipunguzwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mkataba humwachia mteja. Paa litasimama nusu.

Kwa hiyo gharama ya kujenga upya isikadiriwe kwa macho. Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa anaweza kupima jengo na kukupa hesabu kwa mita za mraba, na ada yake huilipi kila mwaka. Ndani ya hesabu hiyo ziwemo gharama za kubomoa na kuzoa mabaki, za kibali na michoro, na vile vitu ambavyo wengi huvisahau: uzio na geti, choo na jiko la uani, kibanda cha mlinzi, simtanki na mnara wake, pampu, paneli za sola juu ya bati. Kisichotajwa hakilipiwi. Na kwa jinsi bei za saruji na nondo zinavyopanda, takwimu ya miaka mitano iliyopita inakuwa imekwisha kukuweka kwenye kundi la waliokatia pungufu.

Sasa matumizi. Kwenye fomu kuna mstari mmoja mfupi unaouliza jengo linatumikaje. Wenye nyumba wengi huandika "makazi" na kuendelea, na wakati anaandika ni kweli. Miezi minane baadaye chumba cha mbele kimetobolewa ukuta, kimewekwa mlango wa chuma, kimekuwa fremu. Fremu inachukuliwa na fundi wa makochi; anajaza sponji, gundi na thina hadi darini, na umeme anaupata kwa waya wa ekstensheni uliopitishwa dirishani kutoka sebuleni, kwa sababu mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima. Mwenye nyumba yuko Mwanza, anapokea kodi kwa simu. Anajua kuna fremu. Hakuona sababu ya kumwambia mtu wa bima.

Bima ni mkataba wa kuaminiana. Kampuni haikai na wewe uani, inategemea maelezo yako. Mtathmini wa hasara akifika kwenye majivu na kukuta karakana ya sponji mahali palipoandikwa makazi, kampuni ina hoja ya kisheria ya kukataa au kupunguza fidia, hata kama moto ulianzia chumba kingine. Saluni, mama lishe anayepikia kuni ndani ya uzio, fundi wa kuchomelea, stoo ya mitungi ya gesi, nyumba ya wageni ya kulipia kwa siku: kila kimoja kina kiwango chake. Ndiyo, ukikitaja ada itaongezeka kidogo. Nawasihi wenye nyumba waione nyongeza hiyo kuwa ndiyo bima yenyewe, kwa sababu kiasi kidogo ulichokiokoa kwa kukaa kimya hakitakufidia siku unapokataliwa mamilioni. Dawa nyingine imo kwenye mkataba wa upangaji: andika kwamba mpangaji habadili matumizi ya chumba bila idhini yako ya maandishi, na akikuomba idhini, barua yako ya pili iende kwa kampuni ya bima.

Ukiwa na fremu au jengo zima la biashara, fahamu pia kwamba marekebisho yaliyofanywa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 yaliyaingiza majengo ya biashara na masoko kwenye orodha ya bima za lazima Tanzania Bara. Moto wa Soko Kuu la Kariakoo wa Julai 10, 2021 ulikuwa bado kwenye kumbukumbu za watu. Na nigusie hapa jambo linalochanganya: makato ya kila mwezi unayoyaona ukinunua umeme wa LUKU ni kodi ya jengo ya serikali. Hayana uhusiano wowote na bima.

Nyumba za urithi zinahitaji maneno yao. Ilala, Kariakoo, Tanga mjini, zipo nyumba ambazo marehemu ameacha watoto saba, na mmoja anayeishi karibu ndiye anayekusanya kodi. Akikata bima kwa jina lake peke yake, ndugu wengine wanaweza kushtuka siku ya fidia, na kampuni nayo itauliza ana haki gani na jengo lote. Bima ikatwe kwa jina la msimamizi wa mirathi kwa niaba ya warithi, au kwa majina ya wote. Hati miliki ikiwa haipo, peleka ulichonacho, iwe leseni ya makazi au mkataba wa mauziano, uulize mapema kama kinatosha. Na kama nyumba imewekwa rehani, benki itataka itajwe kwenye mkataba. Usichukue bima ya pili kabla hujahakikisha kama makato ya mkopo wako tayari yana bima ndani yake. Kulipa mara mbili hakukupi fidia mara mbili.

Bima ya moto ya kawaida hushughulikia moto na radi, na mengine huongezwa: mafuriko, dhoruba, tetemeko, bomba kupasuka, gari kugonga ukuta, ghasia. Hapa unaweza kupunguza bila kujiumiza, mradi uangalie mahali ulipo. Aliye Bukoba asifute tetemeko ili aokoe ada. Lile la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Kagera. Aliye kando ya Mto Msimbazi asitoe mafuriko, ingawa huenda kampuni ikamtoza zaidi au ikamkatalia kipengele hicho. Akikataliwa, ajue wazi kwamba maji yakija hasara ni yake. Jengo kuanguka lenyewe kwa sababu ya ujenzi mbovu au kuchimbwa chini kiholela kwa kawaida halimo kabisa. Baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, watu wengi walidhani bima yoyote ya jengo ingelipa. Kipengele hicho kisome kwa macho yako mwenyewe.

Unapolinganisha bei, wape wote maelezo yale yale: thamani ile ile, majanga yale yale, picha zile zile. Bei ya chini yenye majanga matatu na bei ya juu yenye majanga tisa hazilinganishiki. Dalali wa bima aliyesajiliwa anaweza kukuzungukia kampuni kadhaa, na kwa kawaida kamisheni yake hulipwa na kampuni. Muulize pia kuhusu takaful kama unataka bima isiyo na riba. Sasa inapatikana nchini.

Kisha kuna vinavyoshusha ada kweli. Kubali kubeba sehemu kubwa kidogo ya hasara ndogo ndogo. Bati moja lililotoboka halina haja ya dai. Kama una nyumba tatu, ziweke kwenye mkataba mmoja na uombe punguzo. Kagua waya. Nyumba ya miaka ya themanini iliyowekewa umeme wa taa na redio leo ina friji sita, pasi na majiko ya umeme; mkandarasi wa umeme mwenye leseni akibadili nyaya na kutenganisha mita, pata ripoti yake na uipeleke kwenye kampuni pamoja na maombi. Mitungi ya kuzima moto yenye tarehe hai, hati ya ukaguzi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa majengo makubwa, namba 114 iliyobandikwa ukutani kwa wapangaji: hivi vinampa ofisa sababu ya kukupunguzia. Na mpangaji akihama, usiache nyumba tupu miezi mingi bila kutoa taarifa. Mikataba mingi husimamisha baadhi ya kinga nyumba ikikaa bila mtu, mara nyingi baada ya siku 30.

Kitu kimoja nisingekiondoa hata ada ikibana ni fidia ya kodi. Nyumba ikiungua, wapangaji wanaondoka siku hiyo hiyo na kodi inakatika, wakati ujenzi unaweza kuchukua mwaka. Kwa mstaafu anayeishi kwa kodi ya vyumba sita, huo ndio ugali wake. Kipengele hiki huongezwa kwa gharama ndogo ukilinganisha na kukatia jengo lenyewe. Chagua miezi inayolingana na muda halisi wa kujenga. Wapangaji nao waambie mapema kwamba bima yako haigusi godoro wala televisheni yao.

Ada hulipwa kabla kinga haijaanza, hakuna bima ya kukopa. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, usitume fedha kwenye simu binafsi ya wakala. Ukipewa hati, hakiki namba yake kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) siku hiyo hiyo; isipoonekana, piga simu kampuni kabla jua halijazama. Hati, picha za kila chumba na hesabu ya mkadiriaji zihifadhi nje ya nyumba hiyo, au mtumie mwanao kwenye simu. Hasara ikitokea toa taarifa kwa maandishi mara moja na usianze kubomoa kabla mtathmini hajaona. Mkishindwana juu ya fidia, malalamiko ya kwanza ni kwa kampuni yenyewe, kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ya barua hiyo ndiyo utakayoanza nayo ukifika TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.